Samaki wa bombani: nimewakumbuka nikiwa Milwaukee

Mwangaluka, ndugu zangu. Mlioko nyumbani Mwanza, mlioko Sengerema, Geita, Ukerewe, na nyie mlioko Dar lakini roho zenu ziko Kanda ya Ziwa, nawasalimu wote. Leo sina mapishi, wala sina habari za viza. Nimekuja kando ya maji. Mkiona kamera inatetemeka ni baridi, ni Novemba, na upepo wa Ziwa Michigan hapa Marekani unapenya hata koti hili.

Ngoja niwageuzie. Yule mnamwona? Mzee mwenye kofia ya sufu, amekalia ndoo, mshipi uko majini. Na kule nyuma yake, majengo yale na mabomba, huo ndio mtambo wa majitaka wa jiji. Hapa panaitwa Jones Island. Kila kinachotoka kwenye vyoo na masinki ya Milwaukee sehemu kubwa kinakuja huku, kinasafishwa, halafu maji yake yanamwagwa bandarini. Kipindi cha baridi maji hayo yanatoka na uvuguvugu kidogo. Samaki wanasogea. Wavuvi nao wanasogea.

Nimekuwa nikija hapa kwa miezi miwili sasa, nikitoka zamu ya usiku. Siku ya kwanza nilimwona mzee huyu anapita sehemu nzuri zote, zenye mabenchi na miti, anakuja kutega hapa hapa. Nikasema moyoni, huyu anajua. Nilisimama nyuma yake nikashindwa kuondoka, maana harufu ya hapa, yaani jamani, harufu ya hapa ilinirudisha nyumbani mara moja. Tope la majitaka wanalikausha na kulifanya mbolea ya bustani, wanaiuza tangu mwaka 1926. Upepo ukigeuka unapata ile harufu nzito ya kitu kilichooza kikakauka. Wenzangu kazini wanaziba pua. Mimi nilivuta.

Mimi ni mtoto wa Mabatini. Wa Mwanza mnajua Mabatini ilivyo, nyumba zimepanda juu ya mawe, na chini unapita Mto Mirongo. Mirongo unakatiza mjini unaenda kuingia ziwani, na njiani unapokea kila kitu. Mvua kubwa ikinyesha usiku, kuna watu kule juu walikuwa wanatapisha vyoo. Unasikia maji yanashuka kwenye mawe, asubuhi unajua kilichoshuka. Sisemi hivi kuwaaibisha majirani. Ukichimba choo juu ya jabali unachimba futi ngapi? Choo kikijaa, gari la kunyonya halipandi kule. Basi mvua ndiyo ilikuwa gari.

Sisi watoto tuliufuata mto huo mpaka unapoishia. Tulikuwa na vijiwe viwili vya kuvua. Kimoja ni pale Mirongo unapomwaga maji ziwani. Cha pili tulikiita bombani, na hicho ndicho ninachokiota mpaka leo.

Bombani palikuwa ufukweni, nyuma ya kiwanda kimoja cha minofu ya sangara. Sitakitaja. Miaka ya tisini viwanda vya minofu vilikuwa vimejaa pwani ya Mwanza. Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, mabondo, vile vibofu vya hewa vya samaki, yanauzwa peke yake, na sisi tunabaki na mapanki. Nani hapa hakulelewa na mapanki? Kichwa, mifupa na mkia, mama anakaanga mpaka mfupa unakuwa kama kashata, unautafuna wote. Lakini maji ya kuoshea sangara hao, yenye damu, magamba na vipande vya mafuta, yalipita kwenye bomba la saruji na kumwagika ziwani. Saa nne asubuhi yanatoka mekundu. Mchana yanatoka meupe kwa mapovu ya sabuni.

Na samaki! Ndugu zangu, samaki waliojaa pale siwezi kuwaeleza. Ukitupa ndoano kabla boya halijasimama limeshazama. Boya lenyewe kipande cha kandambili, mshipi wa nailoni umefungwa kwenye ufito, risasi ni nati tuliyookota gereji. Chambo hununui, unachukua pale pale kwenye tope, minyoo myekundu myembamba, au kipande cha utumbo kilichokwama kwenye mawe. Wale korongo wakubwa wenye vipara wamesimama pembeni kama wazee wa baraza, wanasubiri utakachotupa.

Kaka yangu alikuwa ananizidi miaka minne na ndiye aliyenifundisha kulisoma bomba. Alikuwa ameligawa lile eneo mara tatu, na kila sehemu ameipa jina. Karibu kabisa na mdomo, hatua tano au sita, hapo anakaa mwenye pumzi. Ukisogea mbele kidogo, mwenye tumbo. Mbele zaidi, pale rangi ya maji inapokatika, mwenye meno.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa anasema kitu cha kweli kabisa. Uchafu ukioza majini, vijidudu vinavyouozesha vinatumia oksijeni yote iliyopo. Pale mdomoni samaki wa kawaida hawezi kuishi. Kambare anaweza, kwa sababu anapanda juu anameza hewa. Kamongo ndiye kabisa, ana mapafu. Hao ndio wenye pumzi. Maji ya bomba yanapoanza kuchanganyika na ya ziwa, mbolea ya ule uchafu inaotesha mwani, na hapo utamkuta sato anakula, na gogogo anapekua chini. Gogogo mnamjua, ukimshika vibaya ule mwiba wake mkono unawaka moto mpaka jioni, naye anakukoromea. Na kule rangi inapokatika ndiko sangara alikuwa anavizia hao wadogo. Mwenye meno. Kaka hakumaliza darasa la saba vizuri, na oksijeni ya majini hakuwahi kufundishwa. Aliangalia tu nani anatoka wapi, kila siku, kwa miaka.

Kulikuwa na mlinzi, babu wa Kikerewe mwenye rungu. Kwa sheria alitakiwa kutufukuza. Tulimwachia samaki mmoja kila tukitoka, naye akawa anageukia upande wa pili. Alikuwa na macho mabovu, akimshika samaki anamtambua kwa kidole. Alituambia utotoni kwake ziwa lilikuwa furu tupu, wale samaki wadogo, unachota kwa kikapu. Sangara alipandwa ziwani miaka ya hamsini na ya sitini, na kufika miaka ya themanini alikuwa ameshawamaliza furu wengi. Ziwa letu lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, hazipatikani popote pengine duniani, na nyingi zimeshapotea. Sisi tulipompata furu bombani tulimwona kama chambo tu. Tulimtoboa mgongo tukamfanya mtego wa sangara. Nikiwaza hilo sasa linaniuma.

Sangara hakuwamaliza peke yake. Mwaka 1997 watafiti waliofanya kazi huko kwetu walitoa matokeo kwamba jike wa furu anamchagua dume kwa rangi. Huyu anataka mwekundu, yule anataka wa buluu. Maji yakichafuka, mwanga haufiki vizuri, jike haoni tofauti. Anapandana na yeyote. Kizazi baada ya kizazi zile aina zinachanganyika, rangi zinafifia, mwisho wanabaki furu wa kijivu. Niliposoma hivyo niliweka simu chini. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba uchafu unaua kwa sumu, samaki anaelea tumbo juu. Kumbe unaweza kumzuia tu asimwone mwenzake.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nirekodi video hii.

Mama yangu alikuwa hapokei samaki mpaka amnuse. Tukifika na mtungo anausogeza puani, anasema, "Huyu wa bombani. Simpiki." Hakuna mjadala. Samaki wa bombani alikuwa na harufu ya sabuni na mafuta yaliyochacha, hata ukimpaka ndimu na chumvi haitoki. Mama alitulisha mapanki ya kiwanda kile kile, lakini samaki aliyekula maji ya kiwanda kile hakumtaka jikoni kwake. Nilimwona anajipinga. Leo naona alikuwa sahihi kila upande.

Basi tukaanza kuuza. Kulikuwa na mama ntilie karibu na stendi, mama mnene, mpole, alikuwa anapika wali na mchemsho wa sato kwa makondakta. Kaka alimwambia samaki wametoka Kamanga. Kamanga ni ng'ambo, maji masafi, watu wanaiamini. Nami nilikuwa nimesimama hapo nimeshika mtungo, na yule mama akanigeukia, akaniuliza, "Eti mwanangu, wa Kamanga hawa?" Nikasema, "Ndiyo mama, wa Kamanga."

Tulimuuzia karibu miaka miwili. Kila mara alitupa na uji juu ya hela, kwa sababu alisema tunavuka maji kwa ajili yake.

Najua kuna atakayesema moto unaua kila kitu, na vijidudu vingi ni kweli vinakufa kwenye sufuria. Lakini yeye ndiye aliyewapara na kuwatumbua wakiwa wabichi, kwa mikono yake, halafu anakata nyanya. Na kuna vitu moto hauviui, kama sabuni za kiwandani na madini. Hao makondakta walikula. Sijui aliyeumwa na asiyeumwa. Ninachojua ni kwamba niliulizwa swali na mtu aliyekuwa ananipa uji, nikamdanganya.

Sisi wenyewe hatukupona. Kaka alianza kuvimba tumbo, akawa anaona damu akienda haja kubwa. Alificha. Wavulana wengi wa pale walikuwa hivyo na tulidhani ndiyo maisha ya mtu wa ziwani. Mama alipogundua alimpeleka zahanati wakasema kichocho. Vidonge vikubwa, vichungu, wanakupima urefu ndipo wanajua umeze vingapi. Kichocho kinapita kwa konokono wa majini, na konokono anakipata kwa kinyesi cha watu kinachoshuka ziwani. Yaani kile kilichoshuka Mabatini usiku wa mvua, sisi tulikifuata mtoni tukaenda kusimama ndani yake mpaka magotini.

Halafu bomba likanyamaza.

Hapo ilikuwa 1999. Nina miaka kumi na miwili. Ulaya ilikuwa imeshafunga milango kwa samaki wa Ziwa Victoria mara mbili, 1997 na 1998, mambo ya bakteria wa salmonela na kipindupindu. Mara hii ikawa habari ya watu wanaovua kwa sumu, na milango ikafungwa tena, miezi mingi. Viwanda vikapunguza kazi. Tulifika bombani siku moja tukakuta saruji imekauka, ina nyufa, korongo wameondoka. Maji yalianza kuwa masafi. Wiki ya kwanza kambare walikuwepo, wakizunguka zunguka kama wanaotafuta mlango. Wiki ya tatu hakuna kitu. Ndoano inakaa mpaka inaota ukungu.

Ningewaambia nilifurahi kuona maji masafi, ningekuwa mwongo. Nililia. Mtaani baba wa rafiki zangu walikuwa wamekaa barazani mchana, mapanki yalipanda bei, kisha yakawa hayapo. Tulijua maji yale yangekuwa mekundu tena siku watu wangerudi kazini. Tukawa tunayaombea yawe mekundu.

Kiwanda kiliporudi kaka alikuwa ameshapanda mtumbwi wa dagaa, anakesha na karabai. Mimi nikaenda sekondari. Hatukuvua pamoja tena.

Nimewageuzia tena upande wa mtambo, mwone. Kabla ya mtambo huu, hapa Jones Island palikuwa kijiji cha wavuvi. Wakashubi, watu wa pwani ya Bahari ya Baltiki, upande wa Poland. Walikuja miaka ya 1870, wakajenga vibanda, wakatega nyavu. Jiji lilipotaka bandari na mahali pa kupeleka majitaka, likawaondoa kidogo kidogo, mpaka miaka ya 1940 wa mwisho akatoka. Wamebakiziwa kibustani kimoja kidogo sana. Nimekaa pale. Mti mmoja, jiwe la kumbukumbu, malori yanapita.

Na msidhani huku wamemaliza tatizo. Mwaka 1993 kimelea kimoja kilipita kwenye mtambo wa maji ya kunywa wa jiji hili na watu karibu 400,000 waliharisha. Laki nne! Katika nchi hii! Wengine walikufa. Maji wanayakunywa kutoka ziwa hili hili wanalolimwagia. Na sisi Mwanza ni vivyo hivyo, tunavuta maji ya kunywa Capri Point, sasa na Butimba, na Mirongo unaingia ziwa hilo hilo. Bomba linalotoa na bomba linalovuta yako kwenye beseni moja. Tena ziwa letu ni kubwa kuliko hili la Michigan, lakini halina kina. Hili linafika mita 281. Letu, penye kina kuliko kote, ni kama mita 80. Uchafu hauna pa kuzama.

Yule mzee nilizungumza naye juzi. Nilimuuliza kama anakula anachovua. Akanitolea karatasi mfukoni, imekunjwa mpaka inachanika, inaeleza samaki gani wa bandari hii ule mara ngapi kwa mwezi na yupi usimle kabisa. Kuna kemikali za viwanda vya zamani, PCB, zinakaa kwenye mafuta ya samaki miaka na miaka. Wanaambiwa toa ngozi, toa mafuta. Nikakumbuka yale mafuta ya sangara tulivyokuwa tunagombania. Lakini nilichokitamani ni ile karatasi. Mtu amekaa, amepima, ameandika, amempa mvuvi. Mzee anajua, kisha anaamua mwenyewe. Yule mama ntilie hakupewa karatasi, alipewa mimi.

Nasikia kuna mabomba ya majitaka yanashushwa kutoka milimani siku hizi, Igogo, Kilimahewa, hata Mabatini kwetu, yamepitishwa juu kwa juu kwenye mawe. Hilo limenifurahisha kuliko habari ya daraja la Busisi, na daraja nalipenda. Ila kuna watu huwa wananiandikia kwamba watoto wanaovua pale Mirongo wafukuzwe, wanatia aibu jiji. Hapana. Naombeni sana, hapana. Wale watoto wanalijua lile eneo hatua kwa hatua. Mtu akitaka kujua maji yamepona au hayajapona, awaulize wamevua nini na wamesimama wapi. Ukiwafukuza utabaki na uchafu ambao hauna hata mtu wa kuuangalia.

Disemba nakuja, Mungu akipenda. Kaka ameniulizia, yule mama ntilie yupo, hapiki tena, anakaa kwa binti yake Buhongwa. Nitaenda. Nimefikiria nimpelekee nini nikaona kitu cha kumfunga mdomo kitakuwa uongo wa pili, basi nitabeba sukari kama mgeni yeyote, nikae, nimwambie hawakutoka Kamanga.

Jana kaka alipita pale mdomo wa Mirongo nikamwomba anirekodie. Alikuta kijana wa miaka kama kumi, ana ufito, boya la kandambili vile vile. Kaka akamuuliza unavulia wapi hasa, mtoto akaonyesha upande usiokuwa wenyewe, kaka akacheka kwa sababu nasi tulifanya hivyo hivyo. Nikamwambia kaka, mwombe akuonyeshe mtungo. Mnajua kwa nini. Nilitaka kuona ni wenye pumzi tu au kuna wengine.

Kulikuwa na kambare wanne. Na mwishoni kabisa mwa kamba, mdogo kama kidole gumba, furu. Mtoto alikuwa amewainua dhidi ya jua, video imekuwa nyeusi upande wake. Nimeirudia mara sita usiku huu, nimekuza picha mpaka imevunjika vunjika, na bado sijaweza kuona ubavu wake una rangi gani.